Namna ya kupata familia za kuaminika hapa Dar na kuzifanya zisichoke njiani (mwongozo kamili)

Ijumaa saa mbili usiku, stendi ya Magufuli pale Mbezi. Mtoto wa kiume kama miaka kumi hivi kashuka na basi la mkoani, hana mzazi, hana namba ya simu ya mtu, ana kimfuko cha nguo na ndala moja imekatika kamba. Polisi wanamchukua, wanampigia afisa ustawi wa jamii, na afisa ustawi anashika simu yake anaanza kuwaza sasa mi nampigia nani saa hizi. Kama kuna familia moja ya kumpokea usiku ule ule, mtoto analala kitandani amekula. Kama haipo analala kituoni kwenye benchi, au anatafutiwa nafasi kwenye makao ya watoto ambayo yenyewe yamejaa, na mtoto akishaingia makao kutoka inaweza kuchukua miaka.

Mi nipo kwenye kamati ya kata upande wa Temeke, na nyumbani kwangu wameshakaa watoto wanne kwa nyakati tofauti, kwahiyo haya ninayoandika nimeyaona nikiwa natafuta familia na nikiwa familia yenyewe. Naandika kwa ajili ya wadau wenzangu, wa kamati za kata, wa makanisani na misikitini, wa vikundi vya kina mama, yeyote anayetaka mtaa wake uwe na nyumba za kupokea watoto.

Ninachokiamini nakisema mapema. Watu wenye moyo Dar wapo, jiji lina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022 na kila mtaa una nyumba ambayo watoto wa jirani wanajazana. Tunawapata, tunawapa mtoto, alafu tunanyamaza. Familia inakaa na mtoto wiki tatu hamna aliyepiga hata simu kuuliza analalaje. Ikija kuchoka inachoka kabisa, na inawaambia majirani kumi wasithubutu. Kwahiyo ukisoma huu mwongozo utaona sehemu ya kutafuta ni fupi kuliko sehemu ya kutunza, nimefanya hivo makusudi.

Kwanza ujue unaongelea nini

Watu wanachanganya vitu vitatu na mkanganyiko huu unatuharibia sana. Kuna familia ya kuaminika, hawa wanampokea mtoto kwa dharura na kwa muda mfupi wakati ndugu wanatafutwa au kesi inaendelea. Kuna malezi ya kambo, mtoto anakaa muda mrefu zaidi kwenye familia lakini bado ana wazazi wake au ukoo wake, jina lake halibadiliki, na anaweza kurudi. Alafu kuna kuasili, hiyo ni ya mahakamani na ya kudumu, mtoto anakuwa wako kisheria. Yote yapo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, na malezi ya kambo yana kanuni zake za 2012. Kwenye sheria mtu wa kuaminika ni mtu mzima mwenye maadili mema na akili timamu, ambaye sio ndugu wa mtoto, na amethibitishwa na afisa ustawi wa jamii kwamba anaweza kumpa mtoto nyumba yenye malezi.

Hapo kwenye kuthibitishwa na afisa ustawi ndo pa kushika sana. Usichukue mtoto barabarani ukamlea kimya kimya hata kama nia yako ni safi kama maji ya mvua, na usimpe mtu mtoto kwa sababu ni muumini mwenzako. Mtoto aliyewekwa bila maandishi hana mtu wa kumfuatilia, na wewe siku ndugu wakitokea huna cha kuwaonyesha, unaonekana umeiba mtoto.

Na kabla ya vyote hivo vitatu kuna ndugu. Shangazi, bibi, mjomba. Afisa ustawi anaanza huko siku zote na ni haki yake aanze huko, familia unayoitafuta wewe ni ya kukaa na mtoto wakati huo msako unaendelea, au pale ambapo ndugu hawapo au hawafai.

Hatua ya 1: kaulize watoto wenyewe ni kina nani

Usianze na tangazo. Nenda ofisi ya ustawi ya wilaya yako, Dar tuna Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, uliza swali moja: kwa miezi sita iliyopita ni watoto wa aina gani mmekosa pa kuwapeleka? Kaa na kalamu usikilize.

Kwetu tulipouliza tulishtuka. Sisi tulishaanza kuongea na familia na karibu zote zilikuwa zinataka kitu kimoja, mtoto mdogo, mwaka mmoja miwili, na ikiwezekana wa kike. Waliokosa pa kwenda walikuwa wavulana wa miaka tisa mpaka kumi na tatu, ndugu wawili watatu ambao wakipelekwa makao wanatenganishwa, binti mwenye mimba ambaye kwao wamemfukuza, na mtoto mwenye ulemavu anayehitaji kulishwa. Yaani tungeendelea vile tungekuwa na orodha ya familia ishirini zinazosubiri kichanga na bado yule mvulana wa stendi analala kwenye benchi.

Andika orodha hiyo kwa umri na hali tu, bila jina la mtoto hata moja, ndo itakuwa mfukoni mwako kila unapoenda kuongea na mtu. Ukimwambia mama "tunahitaji walezi" anaitikia amina basi. Ukimwambia "tuna shida ya mahali pa wavulana wawili ndugu, mmoja kumi mwingine saba, wasitenganishwe" anaanza kuangalia nyumba yake na kuhesabu vitanda.

Hatua ya 2: angalia jina unalotumia

Hili ni dogo kwa kuandika ila kubwa sana mtaani. Neno la kisheria ni malezi ya kambo na Mswahili akisikia kambo anamkumbuka mama wa kambo wa kwenye hadithi, yule anayemtuma mtoto maji usiku na kumnyima nyama. Nimeshamwona mzee mmoja Mbagala anainuka kwenye kikao kwa sababu ya neno hilo, anasema mke wangu sio mama wa kambo wa mtu. Kwenye fomu litumie maana ndo la kisheria, mdomoni sema familia ya kuaminika, sema mlezi, sema nyumba ya kupokelea.

Wenzetu Rwanda walipoanza kutoa watoto kwenye vituo na kuwarudisha kwenye familia waliwaita walezi wao Malayika Murinzi, malaika mlinzi. Mama akiitwa hivo mtaani anasimama wima.

Hatua ya 3: pa kuwapata

Mabango hayaleti mtu na redio inaleta wadadisi wengi. Familia nzuri nyingi ninazozijua zimepatikana kwa swali hili hapa, unamuuliza mjumbe wa shina au bibi anayekaa siku zote barazani: "Mama shikamoo. Hapa mtaani, mtoto akigombezwa kwao anakimbilia nyumba ya nani?" Hatafikiri hata dakika. Atakwambia kwa mama fulani pale penye mwembe. Nenda hapo.

Sehemu nyingine ambazo hazijawahi kuniangusha ni walimu na manesi waliostaafu, vikoba, jumuiya ndogo ndogo, walimu wa madrasa na wake zao, na kina mama ambao watoto wao wameshaolewa nyumba imebaki kimya. Baba pia usimsahau. Mara nyingi tunaongea na mama peke yake, alafu baba anakutana na mtoto sebuleni akitoka kazini, hapo umeshaharibu. Nyumba zenye baba au babu mpole zimekuwa dawa kubwa kwa wale wavulana wakubwa.

Kwa familia za Kiislamu, na hapa Dar ni nyingi, swali la kwanza huwa ni nasaba. Wanaogopa kuambiwa mtoto abadilishwe ubini. Waambie ukweli, kwenye malezi ya muda mtoto anabaki na jina la baba yake, urithi hauguswi, na kulea yatima wanajua wenyewe uzito wake kuliko wewe. Swali la pili ni la mahram, yaani ndugu wa karibu wasioruhusiwa kuoana, binti akikua ndani ya nyumba yenye wavulana, na hilo ni swali la maana, usilipuuze wala usilijibu wewe, mshirikishe sheikh wanayemwamini kabla ya mtoto kuja, sio baada. Majirani zetu Kenya kwenye sheria yao ya watoto ya 2022 wameiweka kafala, yaani kulea mtoto wa mwingine bila kumbadilisha nasaba, wazi kabisa kama njia ya malezi.

Wapangaji wengi wanajitoa wenyewe, "mi nina vyumba viwili tu na choo cha pamoja." Usimwache aende. Mtoto anahitaji mahali pake pa kulala, chandarua, mlango unaofungwa na mtu anayerudi nyumbani jioni. Nimeona mpangaji wa vyumba viwili Buguruni akilea vizuri kuliko mwenye ghorofa. Ila kaongee na mwenye nyumba mapema, maana maji na umeme wakishaanza kugombania uani mtoto wa kupokelewa ndo anakuwa wa kwanza kulaumiwa.

Hatua ya 4: mazungumzo ya kwanza sema yote

Hapa ndo nakuomba usione aibu. Ukienda kumshawishi mtu usimpambie. Mi huwa nasema hivi, kwa upole lakini bila kuficha:

"Mama, mtoto huyu anaweza kukojoa kitandani hata kama ana miaka kumi. Anaweza kuficha ugali chini ya godoro. Anaweza kuchukua mia tano yako alafu akakukatalia machoni. Anaweza asikushukuru hata siku moja. Na ukishamzoea, anaweza kuondoka akarudi kwao, na wewe utalia. Sisi tutakuwa na wewe kipindi chote, namba yangu hii, utanipigia hata saa nane usiku."

Alafu nyamaza, kunywa chai yako. Wengine watasema ngoja nifikirie na hawatarudi, waache, wamekusaidia. Anayerudi baada ya wiki na maswali kama matano, huyo ndo wako. Aliyekubali papo hapo kabla hujamaliza sentensi nenda nae polepole.

Hatua ya 5: kuchuja

Kazi ya kuthibitisha ni ya afisa ustawi, wewe unamsaidia kwa sababu unaujua mtaa. Andaa mapema vitu atakavyouliza ili familia isizungushwe: kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, watu wawili watatu wa kuwadhamini wasio ndugu zao, na hali zao za afya. Familia nyingi tunazipoteza hapa, kwenye nenda rudi ya ofisini, mtu anatoka Chamazi kwa daladala mbili anaambiwa mhusika hayupo njoo Jumatatu. Mama mmoja mzuri sana tulimpoteza hivo baada ya safari ya nne. Siku hizi tunaenda naye, tunapiga simu kabla, na fomu tunajaza pamoja barazani kwake.

Nenda nyumbani zaidi ya mara moja na saa tofauti. Ongea na kila anayelala kwenye nyumba ile, hasa watoto wenyeji, maana wao ndo watakaogawana kitanda na baiskeli. Mtoto mwenyeji akikwambia chini chini "sitaki", msikilize. Uliza pia nani anakuja kulala sebuleni mara kwa mara, shemeji, fundi, binamu wa chuo, hao wote ni watu wa nyumba kwa macho ya mtoto.

Kuna watu wa aina tatu ambao hapana, au sio sasa. Wa kwanza anatafuta msaidizi wa kazi, utamjua kwa maswali yake, anauliza anaweza kufua? anaweza kubeba mdogo wake? Huyu mkatalie waziwazi. Wa pili amefiwa na mtoto juzi juzi anataka wa kuziba lile pengo, huyu mpe pole, mwambie tuongee mwakani, mtoto aliyeumizwa hawezi kubeba msiba wa mtu mzima. Wa tatu anataka kuasili na anaona hii ni njia ya mkato, huyu muelekeze kwenye utaratibu wa kuasili wenyewe, ukimpa mtoto wa muda siku ndugu wakipatikana itakuwa vita.

Na fimbo. Uliza mapema kabisa wanaadhibu vipi. Karibu kila mtu atasema "kidogo tu akikosea". Mtoto aliyetoka kupigwa mpaka akakimbia kwao hajui kidogo ni kipi, akiona mkono umeinuka tu yuko barabarani tena. Kwa nyumba zetu sharti ni hamna kupiga kabisa, na asiyeweza kuahidi hapewi mtoto hata kama nyumba ina kila kitu.

Hatua ya 6: mafunzo yawe mafupi na ya vitu vya kweli

Jumamosi tatu, saa nane mpaka kumi, karibu na kwao, watoto wao waje na uji uwepo. Usilete mtu wa kusoma karatasi. Mlezi aliyeshalea mmoja anatosha kuliko semina ya hoteli. Fundisheni mambo ya ndani ya nyumba: nailoni nene chini ya shuka, mtoto akiamka amelowa mnabadilisha bila kuongea na bila kumwanikia godoro mbele za watu. Kwa anayeficha chakula msimpekue, mwekee kikombe cha karanga au kipande cha mkate pembeni ya kitanda mwambie hiki ni chako usiku, baada ya wiki kadhaa mtoto anaanza kuamini kesho kutakuwa na kula na kuficha kunapungua kwenyewe.

Fundisheni pia siri. Habari za mtoto ni za mtoto. Jirani akiuliza huyu wa nani, jibu liwe limeshaandaliwa na nyumba nzima inalijua, "ni mwanetu anakaa na sisi kwa sasa." Basi. Picha isiwekwe hata kwenye status, unaweza kuwa unamwonyesha yule yule aliyekimbiwa na mtoto mahali mtoto alipo.

Kuna utafiti mmoja ninaupenda kuusimulia kwenye hizi Jumamosi maana unawapa walezi kujua uzito wa kazi yao. Ulifanyika Bucharest, Romania, ukaanza miaka ya mwanzo ya 2000, watoto 136 wadogo waliokuwa kwenye vituo, kwa kura nusu yao wakapelekwa kwenye familia zilizofundishwa na kufuatiliwa kwa karibu na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya vituoni. Wa kwenye familia walienda vizuri zaidi kwa akili na kwa kushikamana na watu, hasa waliotoka kabla ya kufikisha miaka miwili. Mama mmoja aliposikia hivo alisema basi kumbeba tu mgongoni ni dawa. Ndio mama, ni dawa.

Hatua ya 7: siku saba za kwanza

Weka nguvu zako nyingi hapa kuliko popote.

Kuwe na begi tayari wakati wote nyumbani kwa mtu mmoja wa kamati, saizi tatu: nguo mbili, chupi mpya, ndala, mswaki, sabuni, shuka, chandarua, daftari na kalamu za rangi. Mtoto asiingie nyumba ya watu na nguo aliyolala nayo kituoni. Pamoja na begi kuwe na karatasi moja, jina analopenda kuitwa, anakula nini hali nini, anaumwa nini, nani haruhusiwi kumwona, namba ya afisa ustawi na namba yako. Na barua ya afisa ustawi ya kumweka mtoto pale, mlezi akisimamishwa na mtu yeyote aionyeshe.

Usiku wa kwanza piga simu. Usitume mesej, piga. Uliza amekula? amelala? wewe unaendeleaje? Dakika tano tu. Siku ya tatu nenda mwenyewe, siku ya saba nenda tena, na katikati hapo mtoto apelekwe kuangaliwa afya na wewe au mwenzako muwe pamoja na mlezi, asikae peke yake kwenye foleni ya hospitali ya Temeke au Amana akijibu maswali ya mtoto asiyemjua. Kama kuna dalili za ukatili anaanzia kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wanapatikana sehemu moja, ili mtoto asirudie kusimulia mara nne.

Ile siku ya tatu ndo siku mbaya. Siku mbili za mwanzo mtoto ni mgeni, mpole, anasema asante. Siku ya tatu anaanza kupima kama na hapa watamfukuza. Atavunja kitu, atatukana, atagoma kuoga. Mlezi ambaye hakuambiwa anadhani ameletewa mtoto mbaya. Mlezi aliyeambiwa anakupigia anasema "dada, imekuja ile siku uliyoniambia", na sauti yake hata haina hofu. Mi mwenyewe mtoto wangu wa kwanza siku ya tatu alimwaga ndoo nzima ya maji ya kunywa sebuleni huku ananiangalia machoni. Hamna aliyekuwa ameniambia. Nililia jikoni, nikajiona sifai, na sikuwa na namba hata moja ya kupiga. Kwenye kata yetu hamna mlezi anayelala siku ya tatu bila kutembelewa kwa sababu ya ile ndoo.

Hatua ya 8: hela

Tuongee bila kuzunguka. Hii sio ajira na usimwahidi mtu posho ya mwezi kama huna uhakika nayo, ukiahidi ukakosa umempoteza yeye na mtaa wake wote. Ila kulea kwa moyo isiwe maana yake mlezi anakopa nauli kupeleka mtoto hospitali.

Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na michango ya hapa na pale vipo pale pale. Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, huyu wa miaka kumi anahitaji hela ya dawa. Sisi tuna mfuko mdogo, kikoba kimoja, msikiti mmoja na jumuiya mbili kila mwezi wanaweka kidogo, daftari lipo wazi kila mchangiaji analiona, na hela inatoka kwa mambo manne tu: nauli, dawa, sare na godoro. Fundi cherehani wa mtaani anashona sare kwa bei ya kitambaa. Mwenye duka anatoa unga na mchele kwa karatasi yetu tunalipa mwisho wa mwezi. Mlezi anatakiwa kupata hela ya dharura siku hiyo hiyo, asiandike barua, asipige magoti kwa mtu.

Karatasi za mtoto pia ni hela na muda. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kama hakipo, uhamisho wa shule, hizo safari mzifanye nyie kamati na ustawi, sio mlezi.

Hatua ya 9: mlezi asiwe peke yake

Kule Seattle, Marekani, mwaka 2004 walianza utaratibu unaoitwa Mockingbird, na England wakauchukua kuanzia 2015. Familia kama sita mpaka kumi zinazolea zinazunguka nyumba moja ya mlezi mzoefu, na nyumba ile ndo kama kwa bibi, mtoto anaenda kulala wikiendi mlezi apumue, walezi wanakutana, watoto wanajuana. Nilipousikia nikasema mbona huu ni ukoo tu. Sisi tunauweza bila mradi wa mtu.

Fanya hivi. Mlezi mmoja mzoefu awe mama wa kundi. Jumapili moja kwa mwezi wote wanakutana kwake, kila mtu anakuja na chakula chake kidogo, watoto wanacheza uani, walezi wanaongea. Usilete ajenda. Pale ndo utasikia "wa kwangu haongei tangu Jumanne" na mwingine anamjibu wa kwangu alikuwa hivo hivo, nilifanya hivi. Kupumzishana kupangwe kabla mtu hajaomba, maana mlezi mzuri haombi, anavumilia mpaka anavunjika. Na familia ya kupumzishia iwe imeshathibitishwa na ustawi nayo, usimpeleke mtoto kwa mtu tu.

Grupu la WhatsApp ni zuri kwa kupeana moyo na kuulizana nani ana viatu namba 34. Jina la mtoto, picha na kesi yake marufuku humo.

Hatua ya 10: yakiharibika

Mtoto awe na mtu wake wa kumwambia ambaye sio mlezi. Mwalimu, mjumbe wa kamati, dada wa Sunday school, yeyote anayemchagua mwenyewe. Kila mtoto anayejua kusoma tunamwandikia 116 kwenye jalada la daftari, ni namba ya bure ya kusaidia watoto, na tunamwambia mbele ya mlezi kwamba anaruhusiwa kupiga hata kumshtaki mlezi. Familia inayokasirika kwa hilo imeshakujibu swali kubwa.

Tuhuma ikija, usiipime wewe. Afisa ustawi siku hiyo hiyo, na dawati la jinsia na watoto la polisi kama kuna dalili ya kosa. Usiende kumaliza kifamilia, usimkalishe mtoto kikao na wazee. Mtoto anahamishwa kwanza salama, mambo mengine yanafuata. Na mlezi aliyetuhumiwa awekewe mtu wa kumweleza utaratibu unavyoenda, kwa sababu wengine watakuja kuonekana hawana kosa na walizomewa mtaa mzima.

Mtoto akitoroka, ripoti ndani ya saa hiyo, alafu familia isiambiwe imeshindwa. Wengi wanarudi. Kuna mmoja alirudi mara tatu kwenye nyumba ile ile, ya tatu alikuja mwenyewe alfajiri akakaa mlangoni mpaka watu walipoamka kuswali.

Hatua ya 11: siku ya kuondoka

Ndugu wamepatikana, au mahakama imeamua. Mtoto anaondoka. Mfanye aage, apewe picha ya walezi aende nayo, nguo zake zote, madaftari yake, na kama ustawi wanaona inafaa mlezi aruhusiwe kupiga simu baada ya wiki. Kukata ghafla kunamuumiza mtoto, na nyumba inabaki kama imetoka msibani, kitanda kimetandikwa hakina mtu.

Kesho yake asubuhi nenda. Usiende na fomu ya mtoto mwingine, hata kama benchi la kituoni limejaa. Nenda na vitumbua, kaa nae, mwache akusimulie tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, hata kama unaijua yote. Watoto wa nyumba ile nao waulize wanaendeleaje, huwa wanasahaulika na wao wamepoteza ndugu. Ruhusu mwezi upite, au miwili. Mara nyingi siku unayokaa pale barazani kuna jirani atakuja kuazima chungu, atakaa kidogo, atasikiliza, na wakati unaondoka atakusindikiza mpaka barabarani aulize yule mtoto aliyekuwa hapa kaenda wapi, na hivi, wengine wapo?